Kukataa kusalimu amri kwenye chesi si utovu wa adabu

Mkuu, unasema mpinzani wako alikukosea heshima kwa kuendelea kucheza hadi mfalme wake akanaswa, ilhali malkia wake alishaliwa mapema. Mimi sioni kosa. Sheria za FIDE, shirikisho la chesi duniani, zinamruhusu mchezaji kusalimu amri, hazimlazimishi. Kumaliza ni kazi yako wewe unayeongoza. Ukibaki na malkia dhidi ya mfalme mtupu, halafu ukamzibia njia zote bila kumtishia, hiyo ni sare, na wengi wameponea hapo hapo.

Tena wapo waliokata tamaa mapema wakajuta. Kwenye mashindano ya Monte Carlo, mwaka 1902, mchezaji Georg Marco alisalimu amri mbele ya Ignaz von Popiel, kumbe angesogeza askofu wake hadi mraba wa g1 angeshinda yeye!

Anayeudhi kweli ni yule anayeona amezidiwa, akaacha saa ikimbie bila kusogeza kete, akingoja uchoke uondoke. Huyo ndiye asiye na adabu. Mabingwa wakikutana wao kwa wao husalimu mapema, sawa, lakini sisi wa ngazi za chini tunakosea sana. Mwache acheze.