Kwa nini 1000 inatangulia 98?

SWALI: Nina programu ya Python inayopima kasi ya kodi yangu. Kila mzunguko naandika muda, kwa milisekunde, kwenye faili la CSV, kisha nasoma faili na kupanga kuanzia ndogo. Leo 1000 imetangulia 98. Nimekosea wapi kupanga?

JIBU: Kupanga hujakosea. Faili la CSV halijui namba, linajua maandishi tu, na moduli ya csv inakurudishia maandishi hayo hayo. Maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi, kama kamusi: 1 iko kabla ya 9, basi 1000 inapita mbele. Pitisha kila thamani kwenye int(), inayogeuza maandishi kuwa namba nzima, kabla ya kupanga.

Una bahati umeliona. Tuseme mizunguko mitano imetoa 1000, 98, 101, 97, 99. Ikipangwa kama maandishi inakuwa 1000, 101, 97, 98, 99. Ya katikati ni 97 badala ya 99, tofauti ambayo hakuna atakayeishtukia. Lakini ukichukua ya mwisho ukidhani ndiyo kubwa, utaripoti 99, na ule mzunguko wa sekunde nzima hautaonekana popote.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo 1000 yenyewe. Usiifute, na usikimbilie wastani: hapa wastani ni 279, na hakuna mzunguko hata mmoja uliokaribia huko. Angalia ilitokea lini. Ikiwa ni ya kwanza, huenda data ilikuwa bado haijaingia kwenye kumbukumbu. Ikiwa inajirudia kila baada ya mizunguko kadhaa, mtuhumiwa ni mwingine. Orodha iliyokwisha kupangwa haiwezi kukuambia hayo, kwa hiyo tunza matokeo kwa mfuatano yalivyopimwa, pamoja na namba ya mzunguko. Kumbuka matokeo.sort() huivuruga orodha yenyewe. Lakini sorted(matokeo) inakupa mpya na ya zamani inabaki salama.

Halafu hama milisekunde. Tumia time.perf_counter_ns(), ipo tangu Python 3.7, utapata nanosekunde kwa namba nzima. time.time() inafuata saa ya mfumo, nayo inaweza kurekebishwa katikati ya kipimo. Na acha kuandika faili ndani ya lupu: hata kama saa umeshaisimamisha, uandishi ule unaweza kuvuruga kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya kichakataji) ya mzunguko unaofuata. Jaza orodha kwanza, andika mara moja mwishoni.