Barua kwa mwanangu: mikarafuu ya Mtambwe

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikausikiliza tena na dada yako. Unauliza kama ni busara, kwa kuwa bei ya karafuu sasa inaridhisha, utoe akiba yako ya Dar uje upande miche mipya kwenye shamba la marehemu babu yako hapa Mtambwe, Pemba. Hesabu uliyonitumia ni nzuri. Umeweka miche, vibarua, palizi, mpaka majamvi ya kuanikia. Ila sikuona pahala ulipoandika ni nani atakayepanga bei mikarafuu hiyo itakapoanza kuzaa, na wewe wajua mkarafuu haukupi cha maana kabla ya miaka sita, saba. Bei si tatizo. Anayeipanga ndiye tatizo. Nimewaambieni haya tangu mko chuoni, na mkitaka kucheka, chekeni.

Ile hadithi ya jino langu mnaipenda, lakini mnaijua nusu. Ilikuwa baada ya Karume kuuawa, 1972, mimi bado kigori. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, Shirika la serikali, na alichompa mkulima kilikuwa kidogo mno ukikilinganisha na bei ya nje. Ng'ambo, Shimoni na Mombasa, kilo ileile ilikuwa na thamani nyingine kabisa. Basi babu yako naye, kama wenziwe, akawa anaweka gunia pembeni likisubiri ngalawa. Usiku mmoja askari wakaja kupekua. Gunia li chini ya kitanda changu, na harufu ya karafuu kavu haifichiki. Bibi yako akanifunga kitambaa shavuni, akanisagia karafuu akanijaza kinywani, akawaambia, "Mtoto jino, wanangu, hajalala tangu jana." Mmoja wao akanipa pole. Mpaka leo nikikumbuka ile pole nacheka peke yangu.

Nusu ya pili sikuwaambieni. Baada ya siku chache walirudi, mchana, na safari hii hawakupekua. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, babu yako alikokuwa amelihamishia gunia, wakafukua. Mtu aliyewaelekeza alikuwa amekula kwetu Ijumaa ile. Unamjua, na jina usiniulize. Babu yako alilala ndani Wete, akarudi, akaendelea kumwamkia yule bwana mpaka mmoja wao alipokufa.

Lakini sikiliza kilichobadilika. Zamani zile nyumba tano, sita tulianika uwanja mmoja, tukachambuliana makonyo, vile vijiti vya karafuu, usiku, watoto wa huyu wakapanda mikarafuu ya yule bila kuandikiana. Baada ya siku ile babu yako akaanika nyuma ya nyumba. Vibarua akawatoa mbali, akawalipa taslimu, kwa sababu hakutaka jirani ajue amechuma pishi ngapi. Ushirika wa kununua ngalawa, ambao wazee walikuwa wameshaanza kuuchangia, ukafa. Hilo gunia lililochukuliwa lilikuwa hasara ya msimu mmoja tu. Hayo mengine yametugharimu miaka mingapi, wewe mwenye benki nipigie hesabu.

Kwa hiyo wanaposema Mpemba mkaidi, hapendi kushirikiana, mimi huuliza: alizaliwa hivyo? Sheria ilimfanya mwenye haki afiche chake, ikamfanya jirani yake apate kitu kwa kusema. Watu wakazoea. Na watu wakishazoea kuficha, hata serikali njema ikija na daftari la kuhesabu mikarafuu wanakimbilia kuficha.

Usidhani lakini kwamba ni serikali peke yake inayotufinyanga. Hata Mwingereza alifinyangwa. Mwaka 1937 alipotaka chama kimoja tu ndicho kinunue karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi walisusa, na India ikasusa nao, na India ndiko zilikokuwa zikiuzwa nyingi. Mwaka uliofuata ikabidi akae nao wapatane. Sisi hatukuwa na wa kususa naye, tulikuwa na ngalawa tu. Na njia hizo za magendo ndizo zilizobeba watu Januari 2001, baada ya mauaji ya waandamanaji ya tarehe 27, zaidi ya watu elfu mbili mpaka Shimoni. Hapo gunia halikuwemo.

Najua utanijibu nini. Utasema: Mama, mwaka 2011 bei ilivuka shilingi elfu kumi kwa kilo, mkulima akaahidiwa asilimia 80 ya bei ya nje, na watu wakapeleka karafuu kituoni wenyewe, mchana kweupe. Kweli. Hata mjomba wako alipeleka! Basi ni bei, si mpanga bei? Nimelala na swali hilo. Lakini kumbuka mwaka mmoja kabla tulikuwa tumepiga kura ya maoni, ikaja serikali ya umoja wa kitaifa, Rais Mpemba, Shein, na Makamu wa Kwanza, Maalim Seif, mtoto wa Mtambwe yetu hii. Watu walipeleka kwa sababu ya pesa, au kwa sababu mara ya kwanza waliona mpanga bei anawajua? Siwezi kuvitenganisha, na nikiambiwa kuna mtu anaweza, nitataka kumuona.

Sasa shamba. Nina jibu, liko ulimini hapa, na dada yako ananikataza kwa sababu atasema nimekuamulia. Sawa, siamui. Nasema tu kwamba ardhi ni ya serikali tangu Mapinduzi na miti ndiyo yetu, na mti wa mtu asiyekaa nao huchumwa na anayekaa nao. Halafu uchaguzi ni kila miaka mitano, na wewe mwenyewe umeona mwezi wa Oktoba maduka ya Wete yanavyonunuliwa unga na sukari kama kesho hakuna. Mtu anayeweka unga wa mwezi mzima hapandi mkarafuu mwezi ule. Ila babu yako alipanda. Hata baada ya yote yale alipanda, ile safu ya upande wa kisima, na wewe umesoma kwa hiyo. Basi sijui.

Mjomba wako akikupigia kuhusu mpaka wa upande wa kisima, usimkubalie kitu kabla hujanipigia mimi.

Mama yako