Jibu: Vidole kufa ganzi na goti kuuma kwenye baiskeli ya milimani

Habari mkuu. Nimekusoma: vidole vinakufa ganzi, goti linauma kwa mbele, na unafikiria kununua usukani mpya. Usinunue kwanza. Anza na kiti.

Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kawaida, kwa sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, goti libaki limekunjika kidogo tu. Likikunjika sana, kiti kiko chini, na maumivu ya mbele ya goti mara nyingi huanzia hapo. Pandisha milimita 5 kila mara, ila usipite alama iliyochorwa kwenye paipu ya kiti. Ukiipita, fremu inaweza kupasuka.

Sasa mikono. Ncha ya kiti ikiinamia mbele, unateleza na uzito wote unaishia viganjani. Iweke sawa. Breki nazo zizungushe mpaka kifundo cha mkono kisijipinde unapozishika. Kazi ya spana tu, hailipiwi! Mimi hizi mbili zilinimalizia ganzi.

Ukiwa bado unajinyoosha kuufikia usukani, badilisha kile chuma kifupi kinachoushika, tuseme kutoka urefu wa milimita 90 hadi 60. Pima kwanza unene wa usukani pale katikati: wa milimita 31.8 haukai kwenye chuma cha usukani wa 35. Baiskeli itageuka upesi zaidi, utazoea. Usisogeze kiti mbele ili kuufikia, utalirudishia goti mzigo.

Rekebisha kimoja kimoja, uendeshe, ndipo uguse kingine. Ganzi ikibaki hata ukishashuka, muone daktari.