Besi Mnayo, Iko Mkono wa Kushoto

SWALI: Shikamoo fundi. Tuko wawili tu, mimi na binamu yangu. Mimi napiga kinanda cha kidijitali kinachoiga ogani ya umeme ya Hammond, yeye dramu. Tumerekodi nyimbo nane za jazi-fanki, besi napiga kwa mkono wa kushoto, pedali za miguu sina. Kwenye simu besi haisikiki kabisa, kwenye spika kubwa inanguruma kama jenereta la jirani. Nimepandisha Hz 40, yaani sauti za chini za mitetemo 40 kwa sekunde, mpaka mwisho, wapi! Prodyuza ameleta mpiga gitaa la besi, ameshapiga juu ya nyimbo tatu. Tufanyeje?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba. Uliposema Hz 40 nimeguna, maana hii ni kazi ya tatu mwezi huu kufika mezani kwangu na ugonjwa huohuo. Tuelewane: huko Hz 40 besi yako haipo. Ndani ya Hammond ya asili kuna magurudumu 91 ya chuma yanayozunguka, na lile la kwanza linatoa kama Hz 33. Lakini yale 12 ya mwanzo ni mali ya pedali za miguu. Droba ya kwanza kati ya zile tisa, yaani kile kijiti cha kuvuta kinachoitwa cha futi 16, ikifika oktava ya chini kabisa ya vitufe inarudia sauti za oktava inayofuata. Kwa hiyo kwa mkono huwezi kushuka chini ya Do ya Hz 65. Huamini? Vuta droba hiyo peke yake, ubonyeze Do ya mwisho kushoto, kisha Do inayofuata. Kama kinanda chako kinaiga kwa uaminifu, utasikia sauti ileile.

Gitaa la besi la nyuzi nne linashuka mpaka Hz 41, na huko ndiko mazoea yanakompeleka prodyuza wako. Wewe ulichopandisha ni mtetemo wa sakafu na guu la binamu yako kwenye kiki, ile dramu kubwa ya mguu. Na pengine kweli jenereta la jirani.

Simu nayo ni hadithi nyingine. Spika yake haiwezi kutoa Hz 65 hata uipige fimbo. Besi tunayoisikia kwenye simu sikio linaiunga lenyewe kutokana na sauti za juu zinazoandamana na noti. Sasa droba moja ya Hammond haina sauti hizo za kuandamana, ni sauti moja tupu. Nadhani umevuta ya kwanza peke yake ukidhani ndiyo nzito. Wapigaji wengi wa jazi huweka mkono wa kushoto 8-3-8, yaani droba ya kwanza imevutwa mpaka 8, ya pili 3, ya tatu 8, zile sita zilizobaki zimefungwa. Hiyo 8 ya droba ya tatu ndiyo itakayosikika kwenye simu.

Halafu kuna ule mlio mdogo, "tk", kila unapogusa kitufe. Kwenye chombo cha asili unatoka kwenye viungio tisa vya umeme chini ya kila kitufe. Wahandisi wa Hammond waliuona ni kasoro, wapiga jazi wakaupenda, kwani ndio unaoipa noti mwanzo. Jimmy Smith, mpiga Hammond maarufu wa jazi, alikuwa akigusa pedali kwa mguu, mguso mfupi tu, ili noti za mkono wa kushoto zipate hiyo ncha. Naomba sana usiniambie prodyuza wako ameusafisha kwa programu ya kuondoa kelele.

Kiki: ikiwa nayo inadunda kwenye Hz 65 au 70, inazikalia noti za mkono wako wa kushoto, na huo ndio mngurumo unaousikia. Dawa si kitufe cha studio. Dawa ni ufunguo wa kukazia ngozi ya dramu. Kazeni ngozi ya mbele kidogo kidogo huku ukipiga mstari wako, mpaka usikie noti zako zinatoka wazi. Mwigo wa Leslie, ile spika ya Hammond yenye rota zinazozungusha sauti, nao uuangalie: kama una sehemu ya kusimamisha rota ya chini, isimamishe, na besi iweke katikati, isitangetange kushoto na kulia.

Hili la kuongeza besi mwishoni limeniharibia wateja wengi, na si wa jazi tu. Wapo vijana wanaouza vifurushi vya mipangilio kwenye WhatsApp, "besi nzito kwa elfu tano", wala hawajui unapiga chombo gani. Kwaya moja ililetwa kwangu mwaka jana, fundi wao wa kwanza alikuwa ameibandika mipangilio ya Singeli. Besi wa kwaya, baba watu wazima, wakawa wanavuma kama lori linalopanda mlima. Nikauliza faili za mwanzo ziko wapi. Zimefutwa, alihitaji nafasi. Kifurushi kile hakina masikio, kinapandisha kilichopo, kiwe muziki au feni ya dari. Nawaambia kila siku: kabla hujashika kitufe, nyamazisha kila kitu, sikiliza chombo kimoja, ujue sauti yake inaanzia wapi. Hawataki, wanasema inachukua muda.

Kama prodyuza bado anabisha kwamba watu wawili hawatoshi, mpigie "Monk's Dream" kutoka albamu ya mpiga ogani Larry Young, Unity, iliyorekodiwa Novemba 1965 kwenye studio ya Rudy Van Gelder. Ni yeye na Elvin Jones kwenye dramu, basi. Si fanki, lakini mwambie akuoneshe palipo na shimo.

Rudisheni Hz 40 mahali pake. Nyimbo mbili za kwanza zirekodini upya pamoja, chumba kimoja, kwa 8-3-8 na kiki iliyokazwa, mnilinganishie na za zamani kwenye simu hiyohiyo. Mpiga besi mlipeni jasho lake, hana kosa. Faili zake ziwekeni pembeni.