Papa wadogo wenye kinywa cheusi: ni watoto, au ni wagonjwa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafanya kazi soko la samaki huko Sicily, Italia. Tunaletewa papa wadogo wa kahawia wenye mabaka, na kinywani ni weusi kama waliomeza wino. Mwenzangu anadai ni watoto wa papa wenye ugonjwa. Ni kweli? Tena huvuliwa kina kirefu mno. Mbona maji hayawapondi?

JIBU: Marahaba. Huyo ni papa-paka kinywa-cheusi, Galeus melastomus, na hapo ulipo ndipo kwao hasa: mwanasayansi Rafinesque alimpa jina hilo la kisayansi mwaka 1810 kutokana na samaki wa Sicily. Ni nadra kuzidi sentimita 75 hata akizeeka. Pitisha kidole kwenye ukingo wa juu wa mkia. Utagusa safu ya magamba makubwa yenye ncha, mfano wa meno ya msumeno. Mimi huitegemea alama hiyo kuliko rangi, maana rangi hufifia kwenye barafu.

Weusi wa kinywa ni maumbile yake. Huyu hukaa karibu na sakafu ya bahari, zaidi mita 300 hadi 800, kwenye giza, akila kamba, ngisi na visamaki ambavyo baadhi yao hutoa mwanga. Weusi wa namna hii huelezwa kuwa ni pazia: windo likiendelea kuwaka kinywani, lisimfichue. Mimi naona maelezo hayo yana uzito.

Kuhusu kupondwa, kinachobonyea kirahisi chini ya maji ni hewa. Sangara ana bondo lenye hewa, papa hana. Kwenye mita 500 mgandamizo ni zaidi ya mara 50 ya huu wa juu, lakini mwili wake umejaa maji na mafuta, vitu visivyobonyea ovyo. Protini zake nazo hulindwa na kemikali iitwayo TMAO. Kinachomwezesha kuelea bila bondo ni ini kubwa lenye mafuta mepesi kuliko maji, ndugu wa ile sifa, yaani mafuta ya ini la papa, ambayo wazee wetu wa pwani walipaka majahazi.

Na mwenzako akikaidi, mgeuzeni dume: aliyekomaa ana viungo viwili virefu, vigumu, nyuma ya mapezi ya tumbo. Kisha mpasueni jike mkubwa. Mara nyingi mtakuta vifuko vya mayai vyenye ganda gumu, kadhaa kwa pamoja, tayari kutagwa.