Je, neno "fix" linatosha kuhesabu hitilafu?

SWALI: Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu lugha za programu: ipi ina hitilafu nyingi zaidi. Nimechukua miradi ya GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu), na kila badiliko la msimbo (commit) ambalo ujumbe wake una "fix", "bug" au "error" nimelihesabu kuwa ni hitilafu iliyorekebishwa. Data ni nyingi na thamani ya p iko chini ya 0.05, lakini msimamizi wangu anasema vipimo vyangu havina uhalali. Kasoro iko wapi?

JIBU: Nakubaliana na msimamizi wako. Thamani ya p husaidia kupima iwapo tofauti uliyoiona inaelezeka kwa bahati tu. Haisemi lolote kuhusu ulichokihesabu, na wewe umehesabu maneno. Kama maneno hayo yanawakilisha hitilafu kweli, hilo ndilo suala la uhalali wa dhana, na wingi wa data hauliponyi.

Njia hiyo imekwisha kupitiwa. Mwaka 2014 Baishakhi Ray na wenzake walichapisha utafiti wa miradi 729 ya GitHub katika lugha 17, wakitambua marekebisho kwa maneno kama hayo yako. Mwaka 2019 Emery Berger, Jan Vitek na wenzao waliurudia. Walikuta faili za tafsiri za Qt (zana ya kutengenezea programu), katika miradi kama Bitcoin na qBittorrent, zimehesabiwa kuwa msimbo wa lugha ya TypeScript kwa sababu tu nazo majina yake huishia na .ts! Katika sampuli waliyoikagua kwa macho, asilimia 36 ya yaliyoitwa marekebisho hayakuwa marekebisho. Kati ya lugha 11 zilizodaiwa kuhusiana na hitilafu zilibaki 4, tena kwa kiwango kidogo mno.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni mgawanyo wa makosa ya kuhesabu kati ya lugha. Yakilingana katika lugha zote, mara nyingi yatafifisha tu tofauti iliyopo. Yasipolingana, yanaweza kuzua tofauti isiyokuwepo. Jamii moja ya wasanidi huandika "fix" hata kwa herufi iliyokosewa kwenye maelezo, nyingine huandika ujumbe kwa Kichina, na hapo maneno yako hayanasi kitu.

Kwa hiyo chota sampuli nasibu kutoka kila lugha, ukichanganya mabadiliko yaliyonaswa na yaliyoachwa. Watu wawili wayasome kila mmoja peke yake, ikiwezekana bila kuonyeshwa lugha, kisha pima kukubaliana kwao kwa kappa ya Cohen (kipimo cha makubaliano yanayozidi yale ya bahati). Toa viwango vya makosa hayo ya kuhesabu kwa kila lugha. Wastani wa jumla utaficha hasa unachokitafuta.

Jambo jingine, kwa kifupi: mabadiliko ya mradi mmoja hayajitegemei. Linux, iliyoandikwa kwa lugha ya C, peke yake inaweza kuzungumza kwa niaba ya C nzima, hivyo tumia modeli mseto yenye athari ya mradi (modeli ya takwimu inayozingatia kuwa mabadiliko ya mradi mmoja hufanana), au angalau rudia hesabu ukiwa umeuondoa mradi mkubwa kuliko yote katika kila lugha.