Malipo yamepanda, saa zimekwenda wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka miji ya kusini mwa Seattle, jimbo la Washington, ambako ndugu zetu wengi wanaishi na kufanya kazi za kulipwa kwa saa: madukani, hotelini, maghalani, uwanja wa ndege. Huko wananchi wenyewe wamekuwa wakiamua kwa kura kima cha chini cha malipo. Tukwila walipiga kura Novemba 2022, Renton wakafuata tarehe 13 Februari 2024, na hoja zote mbili zilipita. Barua tano nimezijibu hapa, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu jambo lake linawagusa wengi.

Shangazi, shikamoo. Nafanya kazi katika duka la nguo ndani ya Southcenter, jengo kubwa la maduka la Tukwila. Nilipoanza nilikuwa napewa saa 30 kwa wiki. Sasa napata 18, wiki nyingine 15. Lakini kila baada ya muda wanaleta watu wapya, na mimi ndiye ninayewafundisha kupanga nguo na kutumia mashine ya malipo. Meneja anasema biashara imepoa. Wenzangu wanasema ni kwa sababu malipo yalipanda kwa kura. Hivi hii ni haki? — Mama wa watatu, kutoka Uvira

Marahaba mwanangu. Hapana, si haki, na kwa jinsi ulivyoeleza huenda pia ni kinyume cha sheria ya mji huo.

Watu wengi wanaijua nusu tu ya kilichopigiwa kura Tukwila. Wanajua habari ya dola: mwaka 2025 mwajiri mkubwa alitakiwa kulipa 21.10 kwa saa, wakati kima cha jimbo kilikuwa 16.66. Wakati wa kampeni dola ndiyo iliyotangazwa kila mlango. Ila ndani ya hoja ileile kulikuwa na kifungu cha pili ambacho kwangu mimi kina uzito uleule. Kinasema kwamba mwajiri, kabla hajaajiri mtu mpya au kuchukua watu kwa wakala, lazima kwanza awape saa hizo wafanyakazi alio nao ambao wanaiweza kazi hiyo. Na zikigawanywa, zigawanywe kwa utaratibu ulio wazi, usiobagua.

Wewe unawafundisha wapya. Hakuna atakayesimama na kusema huiwezi kazi.

Piga hesabu pamoja nami kwa viwango hivyo vya 2025. Saa 18 kwa dola 21.10 ni dola 379.80 kwa wiki, kabla ya makato. Mtu aliyeko Kent, mji jirani usio na kima chake wenyewe, akipata saa 32 kwa dola 16.66 anatoka na 533.12. Ndiyo maana nasema bei ya saa peke yake haimlishi mtoto. Waajiri wanaofanya hivi wanajua wanachokifanya. Kwa sheria ya nchi, kampuni yenye watu 50 na zaidi wa saa kamili, au saa zinazolingana na hizo, inatakiwa kumpa bima ya afya yule anayefanya saa 30 kwa wiki. Akiwa na watu kumi wa saa 18 badala ya watano wa saa 36, amekwepa bima, na kila mmoja ana njaa ya saa kiasi kwamba akipigiwa simu jioni atakuja mbio. Mzigo wote wa biashara kupanda na kushuka unamwangukia mama anayelipa kodi ya nyumba kila tarehe mosi.

Sasa, usiende kupigana na meneja. Fanya hivi. Kwanza angalia fomu uliyojaza ulipoajiriwa, pale ulipoandika siku na saa unazoweza kufanya kazi. Kama uliandika jioni tu kwa sababu ya watoto, na wapya wanachukuliwa kwa asubuhi, hilo ndilo jibu atakalokupa, na atakuwa na hoja. Kama sasa unaweza asubuhi, badilisha fomu leo.

Kisha omba saa kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha, hauhitaji maneno makubwa: “Naomba kuongezewa saa. Naweza kufanya kazi siku hizi na hizi, kuanzia saa hii hadi saa hii. Naijua kazi ya mashine ya malipo na ya stoo.” Tarehe itabaki kwenye simu. Piga picha ratiba ya zamu kila inapotoka. Ukiona tangazo la kazi mlangoni au kwenye mtandao wa kampuni, lipige picha pia. Tunza karatasi zako za malipo. Baada ya wiki chache utakuwa na mambo matatu yaliyo pamoja: uliomba saa, hukupewa, na mtu mpya akaajiriwa.

Yapo mambo ambayo sheria haimlazimishi. Halazimiki kukupa saa zitakazokufikisha kwenye ovataimu. Wala halazimiki kuongeza saa kama kweli biashara imepoa na haajiri mtu. Lakini neno “imepoa” na mtu mpya anayevaa beji havikai nyumba moja.

Akikataa, sheria ya Tukwila inampa mfanyakazi haki ya kwenda mahakamani mwenyewe, na inakataza mtu kuadhibiwa kwa kudai haki yake. Kabla ya kufika huko zungumza na Fair Work Center, Seattle, ambao wana kliniki ya sheria kwa wafanyakazi wa kipato cha chini. Nenda na picha zako. Na wale wenzako wanaosema kura ndiyo iliyokata saa, waonyeshe kifungu hiki. Kura iliona mbali, ikaweka kinga, ila kinga hiyo haifanyi kazi mpaka mtu aidai.

Shangazi, mimi naishi Renton lakini ghala ninalofanyia kazi liko Kent. Mwaka 2025 nililipwa 17. Si nilistahili ile ya Renton? — Kijana wa Tabora

Hapana, mdogo wangu. Kinachohesabiwa ni mahali unapofanyia kazi, si unapolala. Kent ni kima cha jimbo, ambacho mwaka 2025 kilikuwa 16.66, kwa hiyo 17 yako ilikuwa halali mwaka huo. Ghala hilohilo lingekuwa Renton, mwaka huo mwajiri mwenye zaidi ya watu 500 angelipa 20.90. Na ukitafuta kazi nyingine uangalie ramani vizuri, maana Skyway iko jirani kabisa na Renton lakini si sehemu ya mji huo. Iko chini ya wilaya ya King, ambayo ina kima chake tangu Januari 2025, kilichoanza na dola 20.29 kwa waajiri wakubwa.

Nafunga mgahawa saa tano usiku, natakiwa kurudi saa kumi na mbili asubuhi kufungua. Ratiba inatumwa Jumamosi usiku kwa wiki inayoanza Jumatatu. Dada yangu yuko tawi la kampuni hiyohiyo katikati ya Seattle, na anasema kwao haiwezekani. Je, kuna sheria mbili kwa kampuni moja? — Mchovu, Tukwila

Pole sana. Ndiyo, zipo mbili, na dada yako amesema kweli.

Seattle ina sheria ya ratiba iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2017. Hiyo haikupigiwa kura na wananchi, ilipitishwa na baraza la jiji. Inawahusu waajiri wakubwa wa maduka na vyakula, wenye watu 500 na zaidi duniani kote. Ratiba lazima itoke siku 14 kabla. Mtu akirudi kazini kabla ya saa 10 kupita tangu amalize zamu, zile saa zinazopungua analipwa mara moja na nusu. Kwako wewe, kutoka saa tano usiku hadi kumi na mbili asubuhi ni saa saba, kwa hiyo saa tatu za kwanza za asubuhi zingelipwa hivyo. Meneja akikurudisha nyumbani mapema kwa sababu wateja hawapo, unalipwa nusu ya saa alizokukata.

Hoja za Tukwila na Renton hazikugusa hilo. Ziligusa kima cha malipo na nani apewe saa kwanza, basi. Ratiba ya ghafla na usingizi wa saa nne vimeachwa vilevile. Haya ndiyo mapungufu yake makubwa, na yananiuma, kwa sababu mpishi wa Tukwila hana mwili wa chuma na watoto wake wanahitaji mlezi wa asubuhi kama wa Seattle. Southcenter hadi mpaka wa Seattle ni dakika chache kwa basi. Kampuni inayoweza kupanga ratiba ya wiki mbili kwa tawi la Seattle inaweza kuipanga kwa tawi lako. Mwambie meneja hivyo, kwa adabu, na umwombe akutenganishie zamu ya kufunga na ya kufungua. Hana lazima, ila mara nyingi hajawahi kuombwa. Na tawi la Seattle likihitaji mtu, omba uhamisho.

Bi Mkubwa, nina mgahawa mdogo Tukwila, pilau, samaki, maandazi. Wafanyakazi tisa, wawili ni wapwa zangu. Watu wananiambia nitafungwa nisipolipa 21. Nikilipa hiyo nafunga duka. Nifanye nini? — Baba wa mgahawa

Kaka, tulia. Mwajiri mwenye watu chini ya 15, na mapato yasiyozidi dola milioni mbili kwa mwaka, hayumo katika sheria hiyo. Masharti yote mawili lazima yatimie pamoja, na mgahawa wa pilau wenye watu tisa sidhani kama unavuka milioni mbili. Unabanwa na kima cha jimbo, kilichokuwa 16.66 mwaka 2025.

Wapwa nao wahesabu kama watu wengine. Bakshishi ya mteja ni ya mfanyakazi, na Washington huwezi kuihesabu kama sehemu ya kima cha chini. Likizo ya ugonjwa yenye malipo, saa moja kwa kila saa 40 za kazi, ni ya kila mmoja wao. Hofu yako naielewa, kwa sababu wenye migahawa walisimama hadharani Renton wakapinga hoja ile, na hawakuwa watu wabaya. Lakini jirani yako mkubwa mwaka 2025 alilipa 21.10. Ukiweza kusogea kidogo, sogea, kwa sababu mpishi anayejua pilau yako akiondoka hutampata mwingine kirahisi.

Nimeapa uraia mwaka huu. Mume wangu anasema kura za mambo madogo ya mji hazina maana, tusubiri ya rais. Shangazi unasemaje? — Raia mpya, SeaTac

Mwanangu, mji unaokaa ndio ushahidi wangu. Novemba 2013 mimi nilikuwa chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa karibu na uwanja wa ndege. Kima cha jimbo mwaka huo kilikuwa dola 9.19. Hoja namba 1 ya SeaTac ilitaka dola 15 kwa wafanyakazi wa hoteli kubwa, maegesho na uwanja wa ndege, pamoja na siku za ugonjwa, na saa zitolewe kwanza kwa walioko kazini. Mimi sikuwa raia, sikuweza kupiga kura. Nilichoweza ni kugonga milango ya majirani Wasomali, Waethiopia na Wakenya waliokuwa raia, na kuwauliza kama bahasha ya kura bado iko mezani.

Waliokubali walikuwa 3,040. Waliokataa 2,963. Tofauti ni watu 77. Jengo nililoishi peke yake lilikuwa na watu zaidi ya hao.

Januari 2014 hoteli yetu ilianza kulipa 15, wakati jimbo lilikuwa 9.32. Waliokuwa ndani ya uwanja wa ndege walicheleweshwa na kesi, kwa sababu uwanja ni mali ya Port of Seattle, mamlaka ya bandari, na ilibishaniwa kama mji una mamlaka pale. Rafiki yangu aliyekuwa akisafisha ndege alisubiri hadi Agosti 2015, Mahakama ya Juu ya jimbo ilipoamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba sheria inawahusu na wao. Tulikuwa tunapanda basi moja, yeye na mimi, kazi ngumu sawa, na mwaka mzima na zaidi mimi nikilipwa 15 na yeye hapana. Rais hakuamua lolote katika hayo.

Kwa hiyo jiandikishe sasa. Waweza kufanya hivyo kwa mtandao hadi siku nane kabla ya uchaguzi, au uende mwenyewe hadi siku yenyewe. Karatasi ya kura itakuja nyumbani kwa posta. Irudishe kwa posta, haihitaji stempu, au itumbukize kwenye sanduku la kura kabla ya saa mbili usiku siku ya uchaguzi. Weka sahihi nje ya bahasha, ileile uliyoweka ulipojiandikisha, kwa sababu wanazilinganisha. Isipofanana watakutafuta kwa barua au simu ili uirekebishe, na usipojibu kura yako haihesabiwi. Mume wako naye, bahasha yake ni yake, aisaini mwenyewe.